Kope si Goti: Krimu za Steroidi kwenye Sehemu Laini za Mwili

Mdogo wangu alinipigia simu ya video saa tatu usiku, akasogeza uso karibu na kamera. "Dada, hebu angalia hapa." Kuzunguka mdomo alikuwa na vipele vidogo vidogo vilivyosongamana, vikiacha ukanda mwembamba wa ngozi safi kando kabisa ya midomo. Mashavu yaling'aa kama yamepigwa polishi, na pembeni mwa pua vijishipa vilikuwa vimejichora kama nyuzi. Nilimwuliza anapaka nini. Akaingia chumbani, akarudi na tyubu iliyokunjwa kutoka chini mpaka karibu na shingo, kama watu wanavyokamua dawa ya meno inayoelekea kwisha.

Habari yenyewe ilianzia kwenye kope. Miezi 7 kabla ya usiku ule kope zilimwasha, akaenda duka la dawa la mtaani, akapewa krimu yenye dawa tatu kwa pamoja: ya bakteria, ya fangasi na steroidi. Siku ya pili muwasho ukakata. Alipoacha, ukarudi. Akapaka tena, ukakata tena. Mwezi wa tatu alikuwa anapaka mpaka mashavuni, mwezi wa tano mpaka kidevuni, kwa sababu kila alipojaribu kuacha uso ulimwaka. Katika safari zote alizofanya pale dukani hakuna aliyemwuliza anapaka wapi.

Swali hilo ndilo ninalotaka kulifungua hapa, maana naona watu wetu wamegawanyika makundi mawili na yote yanaumia. Kundi moja linazichukua krimu hizi kama mafuta ya kujipaka ukitoka kuoga. La pili limesikia kwamba "steroidi zinaharibu ngozi", likazikataa kabisa, na matokeo yake mtoto mwenye pumu ya ngozi, aina ya ukurutu unaowasha sana, anajikuna usiku kucha mpaka shuka inakuwa na madoa ya damu. Dawa ni ileile. Kinachobadilisha mambo ni nguvu yake, mahali unapoipaka, na idadi ya siku.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Hizi si zile steroidi za wanyanyua vyuma. Ni ndugu wa homoni ambayo mwili wako unaitengeneza kila siku katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Zikiingia kwenye ngozi huziamuru seli ziache kumwaga kemikali zinazoleta uvimbe, joto na muwasho, na hubana mishipa midogo ya damu. Madaktari wa Marekani, Sulzberger na Witten, walitangaza mwaka 1952 kwamba haidrokotisoni, mojawapo ya steroidi hizi, ikipakwa inatuliza ukurutu, na tangu hapo tiba ya ngozi haikuwa tena ileile. Kabla ya hapo mgonjwa alipakwa vitu kama lami ya makaa na kuambiwa avumilie. Lakini amri ileile inayotuliza uvimbe huwafikia pia mafundi wanaosuka nyuzi zinazoipa ngozi unene na uimara, nao hupunguza kazi. Kwenye goti, penye akiba kubwa, hutaona tofauti kwa muda mrefu. Kope haina akiba hiyo. Ngozi yake ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini.

Tena si unene peke yake. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Feldmann na Maibach, waliwapaka watu haidrokotisoni iliyotiwa alama ya mionzi katika sehemu mbalimbali za mwili, kisha wakapima kwenye mkojo ni kiasi gani kimepenya. Walichukua upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo, kuwa kipimo cha 1. Unyayo ulipitisha 0.14 tu. Kichwani penye nywele ilikuwa 3.5, kwapani 3.6, kwenye paji la uso 6, kwenye pembe ya taya 13. Kwenye ngozi ya korodani ilikuwa 42. Zisome tena namba hizo ukiwa na tyubu mkononi: kiasi kilekile, krimu ileile, lakini kinachopenya korodanini ni mara 300 ya kinachopenya unyayoni. Mtu aliyeandikiwa dawa ya kisigino kilichopasuka, akaona imemfaa, akaamua kuipaka na kwenye kinena, ni kama ameanza dawa nyingine kabisa bila yeye kujua.

Sasa tuje kwenye nguvu ya dawa. Hapa ndipo maandishi ya kwenye tyubu yanapowapoteza watu wengi. Mnunuzi anaona haidrokotisoni imeandikwa 1% na klobetasoli imeandikwa 0.05%, anasema moyoni, hii ya pili ni ndogo, haiwezi kunidhuru. Ukweli uko kinyume. Asilimia inakueleza kiasi cha dawa kilichomo kwenye krimu. Haikuelezi ukali wa dawa yenyewe. Madaktari huzipanga krimu hizi katika ngazi, na wanaofuata mpangilio wa Uingereza wana ngazi 4. Haidrokotisoni ya 1% iko chini kabisa, kwenye zile laini. Zinafuata za kati, kisha kali kama betamethasoni valereti ya 0.1%, ambayo nguvu yake ni mara 100 au zaidi ya haidrokotisoni. Juu kabisa yuko klobetasoli, anayetajwa kufika mara 600. Kwa hiyo 0.05% yake ikipakwa usoni ni kama kumwita mwashi aje na nyundo kupachika kitufe cha shati.

Jina nalo lisomwe mpaka mwisho. Haidrokotisoni tupu ni laini, lakini haidrokotisoni yenye neno butireti mbele yake ni kali. Kuitambua steroidi kwenye kisanduku, tafuta jina linaloishia na -sone, -solone au -onide, au lenye -betasol ndani yake. Angalia pia kama ni krimu yenye dawa tatu, kwa sababu steroidi iliyofichwa katikati ya majina mengine ndiyo inayotumika bila kuhesabiwa. Ukimwuliza mtu kama anatumia steroidi atakujibu hapana, "natumia ya fangasi tu".

Usoni na shingoni, mwongozo wa Uingereza uliotolewa mwaka 2007 kwa watoto wenye pumu ya ngozi unataka zile laini. Ukurutu ukilipuka vibaya, wanaruhusu ya ngazi ya kati kwa siku 3 hadi 5, basi. Kwapani na kwenye kinena wanaruhusu ya kati au kali kwa kipindi kifupi cha siku 7 hadi 14, na klobetasoli na wenzake wasipewe watoto bila ushauri wa bingwa wa ngozi. Mtu mzima naye asijione ana ruhusa ya kupita hapo kwa sababu ya umri. Ngozi ya uso wake haijawa unyayo.

Kwenye kope kuna hatari ya ziada ambayo haionekani kwenye kioo. Dawa inayopakwa ukingoni mwa jicho huteleza na kuingia ndani, na ikitumika kwa muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo la jicho mpaka kuleta glakoma, au kuleta mtoto wa jicho. Glakoma haiumi mwanzoni. Mtu anaweza kupoteza sehemu ya uwezo wa kuona, tena pembeni kidogo kidogo, na asishtuke. Ndiyo maana steroidi ya kope iandikwe na mtu aliyekuangalia, iwe laini, na iwe ya siku chache za kuhesabika. Na kabla ya hapo uliza kwa nini kope zinawasha. Mara nyingi sababu ni kitu kilichogusa kope: wanja, gundi ya kope za bandia, rangi ya kucha inayofika machoni kila unapojifikicha, au dawa ya nywele iliyochuruzika. Mdogo wangu alikuwa amebandika kope za harusi wiki ileile muwasho ulipoanza. Angeacha gundi tu, pengine asingeijua hata hiyo tyubu.

Kwapa, kinena, chini ya matiti na kwenye mikunjo ya tumbo kuna jambo lingine: ngozi inakutana na ngozi. Pale katikati joto linabaki, jasho linabaki, na dawa inabanwa kama imefungwa kwa plastiki, kwa hiyo inapenya zaidi. Wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wanaijua hali hiyo hata bila dawa. Kwenye mikunjo chagua krimu, achana na marhamu ile ya mafuta mazito, kwa kuwa mafuta yanazuia unyevu usitoke. Steroidi kali zikipakwa muda mrefu humo huacha michirizi kwenye mapaja ya ndani na kwapani, kama ile ya mimba. Inaweza kufifia rangi, lakini haiondoki.

Halafu mikunjo hiyohiyo ni makao ya fangasi, na hapa nina uchungu kidogo, maana kosa hili linafanyika kila siku na linaepukika. Kijana anawashwa kwenye kinena. Ana choa, lile duara lenye ukingo ulioinuka na katikati palipopauka. Anapewa krimu yenye steroidi. Muwasho unaisha, kwa sababu steroidi imeinyamazisha kinga iliyokuwa inapambana na fangasi, lakini fangasi wenyewe wanaendelea kula taratibu bila kelele. Wiki chache baadaye wamefika kwenye mapaja na matako, na ule ukingo wa duara umefutika kiasi kwamba hata tabibu akiangalia hatambui haraka ni nini. Madaktari wameipa hali hiyo jina la Kilatini lenye maana ya choa kilichojificha. Upele wa kuambukiza, ule unaowasha usiku katikati ya vidole na sehemu za siri, nao hujificha hivyohivyo. Kwa choa cha kawaida krimu ya fangasi tupu inatosha, na uendelee nayo wiki moja au mbili baada ya alama kutoweka.

Sehemu za siri watu wanaona haya kuzitaja dukani, na haya hiyo inawagharimu. Mwanamke anasema "nawashwa" bila kusema wapi, anapewa dawa ya mkono. Niseme pia upande wa pili, ili nisieleweke vibaya: kuna ugonjwa wa sehemu za siri unaoitwa laikeni sklerosasi, unaoacha ngozi nyeupe, iliyosinyaa, yenye kuwasha sana, na kwa wanawake unaweza kubadilisha hata umbile la uke kwa nje. Tiba yake ya kwanza ni klobetasoli hiyohiyo niliyoionya hapo juu. Kwa kawaida hupakwa mara moja kwa siku kwa mwezi mmoja, mwezi wa pili siku moja ndiyo siku moja hapana, mwezi wa tatu mara mbili kwa wiki, na tyubu ya gramu 30 inatakiwa itoshe miezi yote hiyo 3. Mwanamke aliyeandikiwa hivyo na daktari, kisha akaacha kwa sababu shoga yake amemtisha, anaumizwa na woga. Tofauti yake na yule kijana wa choa ni kwamba yeye ameangaliwa, ugonjwa umepewa jina, na dawa ina kalenda.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya ngozi, vilivyoandikwa kwa kuangalia watu weupe, havikutuelezea sawasawa. Vinasema paka mpaka wekundu uishe. Kwenye ngozi zetu wekundu mara nyingi hauonekani; ukurutu unajitokeza kwa weusi ulioiva, kijivu au zambarau, pamoja na joto na ukavu ukipagusa. Ukipona, unaacha alama nyeusi inayoweza kukaa miezi. Alama ile si ugonjwa. Ni rangi iliyomwagika wakati wa uvimbe, na mwili huisafisha taratibu wenyewe. Ila mama anaiona shingoni kwa mwanawe, anadhani dawa haijamaliza kazi, anaendelea kupaka wiki baada ya wiki akisubiri rangi irudi. Hapo ndipo ngozi inapochakaa. Kipimo cha kuacha ni kidole, jicho litakudanganya: funga macho, pitisha kidole juu ya pale palipokuwa na ugonjwa na juu ya ngozi ya jirani. Kama hakuna mikwaruzo, hakuna uvimbe na mtoto hajikuni tena, steroidi imemaliza kazi yake hata kama weusi bado upo.

Mabaka meupe nayo yana mkanganyiko wake. Ukurutu peke yake unaweza kuacha ngozi iliyopauka, hasa mashavuni kwa watoto, na steroidi kali nazo hufifisha rangi pale zilipopakwa. Uwezo huo wa kufifisha ndio umeziingiza kwenye mkorogo. Watu wanachanganya tyubu za klobetasoli kwenye losheni ya kopo na kujipaka mwili mzima, uso ukiwamo, miaka mingi. Mwanzoni ngozi inang'aa kwa sababu mishipa imebanwa na rangi imepungua. Baadaye inakonda, inatoa chunusi na vinyweleo, inachubuka kwa kuguswa tu, na ikikatwa kwa upasuaji kidonda kinachelewa kufunga. Sisemi haya kuwasimanga. Mwenye kutumia mkorogo na akataka kuacha anahitaji daktari, si kuchekwa.

Kiasi cha kupaka kinaelezwa vizuri kwa kidole. Mwaka 1991 madaktari wa Wales, Long na Finlay, walieleza kipimo rahisi: kamua mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka kwenye mkunjo wa kwanza. Ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Uso mzima na shingo huchukua mistari miwili na nusu. Kope mbili hazifikii hata robo ya mstari mmoja. Ukimpaka mtoto, tumia kidole chako na viganja vyako kupima eneo lake. Ninaupenda mtindo huu kwa sababu unaponya makundi yote mawili: anayepaka kama siagi anaona amezidisha, na mwoga anayegusa kwa ncha ya ukucha anaona hajaitendea ngozi haki. Mara moja kwa siku mara nyingi inatosha. Mafuta ya kulainisha ngozi, hata yale mgando ya kawaida yasiyo na manukato, ndiyo ya kupaka mara kwa mara. Yaachanishe na dawa kwa kama nusu saa ili usiizimue wala kuisambaza pasipotakiwa. Kisha nawa mikono, isipokuwa kama mikono ndiyo inayotibiwa, na hasa kabla ya kumshika mtoto au kugusa macho. Mama anayenyonyesha na kupaka dawa kwenye chuchu apake baada ya kunyonyesha, na aifute kabla ya zamu inayofuata.

Watoto wachanga wana habari yao. Kwa uzito wao mdogo, ngozi yao ni eneo kubwa, na nepi inaibana dawa kama ule mkunjo wa kinena niliousema, tena saa zote. Upele mwingi wa nepi unatokana na mkojo, kinyesi na unyevu, au fangasi walioingia kwenye mikunjo, na unapona kwa kubadilisha nepi mapema, kuacha matako yapate hewa, na kupaka krimu ya zinki au ya fangasi. Steroidi kali ikipakwa pale wiki nyingi inaweza kuingia kwenye damu kiasi cha kuzilaza tezi za juu ya figo. Mtoto anavimba uso, anakuwa wa duara, watu wanamsifu kwamba amenenepa, kumbe urefu wake umesimama na mwili wake umeacha kujitengenezea homoni inayomlinda anapougua. Mtoto wa namna hiyo dawa isikatwe ghafla nyumbani. Apelekwe hospitali na tyubu yake.

Na mtu mzima aliyekwisha kunasa kama mdogo wangu? Akiacha, uso hulipuka: unawaka, unavimba, vipele vinaongezeka, na hamu ya kupaka tena inakuwa kubwa kuliko aibu. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu hali hii mwaka 2021. Mlipuko huo haumaanishi kwamba ngozi inahitaji steroidi. Inadhaniwa kwamba ni mishipa iliyobanwa muda mrefu inayofunguka kwa pamoja. Daktari anaweza kumshusha kwenye dawa laini zaidi kabla ya kuacha kabisa, akampa vidonge vya kutuliza vile vipele, au akamwandikia takrolimasi, marhamu inayotuliza ukurutu wa kope na uso bila kukondesha ngozi. Huchoma kidogo siku za mwanzo na bei yake si rafiki, lakini kwa sehemu hizi laini imewaokoa wengi. Mdogo wangu alipitia wiki 5 ngumu. Alivaa barakoa kazini, akaacha vipodozi vyote, akaosha uso kwa maji tu. Vipele viliondoka. Vijishipa vya pembeni mwa pua bado vipo.

Ukienda kliniki ya ngozi, iwe ya hospitali ya mkoa, Muhimbili, au Moshi kwenye kituo kinachofundisha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC tangu 1992, usiende na maelezo ya mdomo tu. Chukua mfuko, utie humo kila ulichopaka: tyubu zilizokwisha, visanduku, kopo la mkorogo kama lipo, na ile krimu ya jirani uliyojaribu mara mbili. Usiioshe ngozi ikang'aa wala kuipaka kitu asubuhi hiyo. Na kabla hujatoka chumba cha daktari, mwombe kalamu, umwonyeshe tyubu mpya, akuandikie juu yake mambo mawili kwa wino: mahali pa kupaka, na tarehe ya kuacha.